Mbwa Mzee wa Mkwiro Ahamia Ghorofani

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kwa miaka mingi mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaoitumia methali hiyo bila ya kuitia shaka. Nikimwona mzee anahangaika na simu ya mkononi, nilisema samaki amekwisha kukauka. Nikisikia mnyama mzee amehamishwa akakataa kula, nilisema vivyo hivyo. Leo nataka kumsimulia msomaji jinsi mbwa mmoja mwenye umri wa miaka 12, mzaliwa wa bara lakini mkazi wa Mkwiro, alivyonilazimisha niitazame upya methali hiyo.

Kwa wale wasiopajua, Mkwiro ni kijiji cha wavuvi kilichoko upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, ng'ambo ya Shimoni, katika Kaunti ya Kwale. Kisiwa chenyewe ni jiwe la matumbawe, hakina barabara ya gari, na usiku kinachosikika ni maji na upepo tu. Wenyeji wake ni Waislamu tangu zama za mababu, kwa hiyo mbwa si mnyama utakayemkuta amejilaza barazani kwa mtu.

Lakini marehemu mjomba wangu alikuwa na mbwa. Alimpata mwaka 2012 akiwa mtoto, alipokuwa akilima shamba upande wa bara na kusumbuliwa na ngedere na nguruwe mwitu. Alipozidiwa na umri akaliacha shamba, akarudi kisiwani na mbwa wake. Watu walisema. Ndipo mjomba alipompa mnyama yule jina la Waache, yaani waache waseme. Mbwa hakuingia ndani ya nyumba hata siku moja. Alikaa pwani, akiwafukuza kunguru penye samaki walioanikwa, na jua likichwa alijua mwenyewe pa kwenda kulala. Kwa muda, hata wale waliosema walinyamaza.

WASIA WA MJOMBA

Mwaka 2024 mjomba alishikwa na maradhi ambayo hakupona. Nilipokwenda kumtazama aliniambia mambo mawili: deni la nyavu nililipe, na mbwa nisimtupe. "Mpwa wangu," alisema, "yule hana ulimi wa kuomba."

Deni lililipika kwa siku moja. Mbwa ndiye aliyenipa taabu. Baada ya maziko alilala pale mashua ilipokuwa ikifungwa, akawa hali. Mashua ilikuwa imekwisha uzwa. Watoto walianza kumtupia mawe kwa kuwa hakuna tena wa kuwakemea. Kila jamaa niliyemwomba amchukue alinitajia sababu, na sababu zote zilikuwa za haki. Basi nikamfunga kamba, nikamtia katika mashua hadi Shimoni. Huko matatu zilitukataa, nikapata gari la kuchukulia samaki, tukasafiri nyuma pamoja na masanduku ya barafu kwa zaidi ya kilomita 70 mpaka Likoni, tukavuka feri. Jioni tulikuwa mlangoni kwangu Mombasa, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na roshani.

Mke wangu alitutazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali moja: "Baba watoto, huyu akikaa sebuleni, mimi nitaswali wapi?"

USIKU WA KWANZA

Sikuwa na jibu. Tulikubaliana mbwa akae roshani. Kisa cha usiku ule kinajulikana na jumba zima. Waache alibweka, kisha akalia kwa sauti ndefu ya kupanda na kushuka, akaanza tena. Alikwaruza mlango. Alijikojolea. Miguu yake iliyozoea mchanga na mawe ilimteleza juu ya vigae, akaanguka, akashindwa kuinuka mpaka nilipomwinua. Saa nane za usiku nilipomtuliza kwa kumwita jina, "Waache! Waache!" jirani wa chini alifungua mlango akapanda ngazi mbio, akidhani kuna watu wanapigana na mimi naamua ugomvi.

Siku ya tatu mwenye nyumba alikuja mwenyewe. Hakupandisha sauti. Alisema wapangaji wanne wamelalamika, na mpaka mwisho wa mwezi mmoja kati yetu wawili awe amehama, mimi au mbwa. Nilihesabu siku: zilibaki 24.

Rafiki mmoja akanishauri nitengeneze kizimba, kwani amesoma ya kwamba katika nchi za Ulaya na Marekani mbwa wa mjini hufunzwa kulala ndani ya kizimba, wakatulia. Nilikwenda kwa seremala, akanitengenezea cha mbao: urefu futi tatu na nusu, upana futi mbili na robo, kimo futi mbili na nusu, chenye fito pande zote ili hewa ipite. Nilikiweka roshani, nikambeba mbwa, nikamsukuma ndani, nikafunga mlango kwa komeo, nikaenda kulala nikijiona mwerevu.

Asubuhi nilikuta fito mbili zimetafunwa na kucha za miguu ya mbele zinatoka damu. Waache alikuwa amejikunyata pembeni, anatetemeka, na nilipofungua hakutoka. Alinitazama tu. Msomaji, nimewahi kutazamwa na watu wenye hasira nami, lakini mtazamo ule sijausahau.

KIZIMBA SI JELA

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi. Aliosha kucha, akazifunga, kisha akanifokea kwa upole. Aliniambia ya kwamba kizimba kinaweza kuwa chumba cha mbwa, au kinaweza kuwa jela yake, na tofauti haiko katika mbao bali katika namna mnyama alivyoingia. Mbwa anayesukumwa na kufungiwa akiwa na hofu hajifunzi utulivu. Anajifunza kuwa hofu yake ilikuwa ya kweli.

Akaongeza kuwa hata huko ng'ambo watu hawakukubaliana juu ya jambo hili. Marekani kizimba ni kitu cha kawaida majumbani, lakini sheria za Uswidi na Ufini hazikubali mbwa awekwe ndani ya kizimba kidogo kama makao ya kila siku, isipokuwa kwa haja maalumu kama vile safari. Na hapa kwetu, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza mnyama kuteswa, nami kwa usiku mmoja nilikuwa nimeukaribia mpaka wake.

Kisha alimpima. Masikio yalikuwa yamepungua kusikia, jicho la kushoto lina ukungu, na viungo vya nyonga vimekakamaa kwa baridi yabisi. "Bwana," alisema, "unamwita jina hakusikii. Unamweka mahali pasipo na harufu anayoijua. Wewe ungelala?" Alinieleza kuwa ubongo wa mbwa nao huzeeka, wengine hupoteza hesabu ya usiku na mchana, wakazurura gizani kama mtu aliyepotea njia. Akampa dawa ya viungo, akanionya nisithubutu kumpa vidonge vya binadamu vya kutuliza maumivu, kwani vingi ni sumu kwa mbwa.

Mwisho alimchanja, akanipa kadi. Aliniambia nisiwadharau majirani wanaoogopa. Shirika la Afya Duniani hukadiria ya kwamba watu kiasi cha 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kenya ilianzisha mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030, na nguzo yake ni hiyo sindano ya kila mwaka. Anayemleta mbwa katika jumba la watu bila ya kadi ya chanjo hana haki ya kuwaita wenziwe waoga.

SWALI LA MAALIM

Jioni ile nilikutana ngazini na mzee mmoja wa ghorofa ya kwanza, maalim wa madrasa, ambaye nilidhani ni miongoni mwa wale wanne waliolalamika. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kisa chote pamoja na wasia. Alisikiliza mpaka mwisho.

Alisema: kwa madhehebu yetu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, wafuasi wa Imam Malik wana rai nyingine. Mbwa wa shamba na wa mawindo wana ruhusa yao. Akanikumbusha habari ya mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake kwa sababu hiyo. "Kutwaharisha ni wajibu wako," alisema, "na kutomtesa ni wajibu wako. Sasa niambie, mwanangu, huyo mbwa ana mahali pake?"

Swali lile nililichukua hadi juu. Mke wangu aliuliza ataswali wapi, maalim ameuliza mbwa ana mahali gani. Nikatambua ya kuwa ni swali moja. Mbwa akiwa na mahali pake hasa, na watu nao watabaki na mahali pao.

CHINI YA MTUMBWI

Nilianza upya. Nilikiondoa mlango cha kizimba, nikakiacha wazi mchana na usiku. Chakula nilikiweka kizingitini, kesho yake ndani kidogo, keshokutwa ndani zaidi. Waache alikuwa akiingiza kichwa na mabega, akaacha miguu ya nyuma nje kama mtu anayekopa dukani huku anatazama njia ya kukimbilia. Akimaliza kula alitoka kinyumenyume, akaenda kujibana chini ya meza ya roshani, kwenye kona ya giza kuliko zote.

Siku ya kumi hali ilikuwa hiyo hiyo. Zilibaki siku kumi hivi za mwenye nyumba. Usiku nikiwa nimekaa namtazama chini ya meza, nilijiuliza jambo ambalo ningelijiuliza tangu mwanzo: kule Mkwiro alikuwa akilala wapi? Mimi nilikuwa nikienda kwa mapumziko tu, nikimwona mchana. Nikampigia simu binamu yangu.

"Kwani hujui?" alisema. "Chini ya mtumbwi mkuukuu wa marehemu, ule uliopinduliwa pale kwenye mwembe. Alijichimbia mchanga mwenyewe. Mvua, jua, yeye humo humo."

Basi miaka yote ile kisiwani Waache alilala mahali padogo, penye giza, penye paa la chini na mlango mmoja! Alikuwa na kizimba kabla mimi sijalisikia neno hilo. Nami nilimletea sanduku lenye fito pande zote, likapitisha mwanga wa taa ya barabarani na macho ya kila anayepita, nikataka aliite nyumba.

Nilimwomba binamu anitumie kipande cha tanga la zamani la mashua ya mjomba, ambalo halikuuzwa kwa kuwa lilikuwa limechakaa. Lilifika kwa mkono wa mchuuzi wa samaki, likinuka chumvi, shombo na moshi. Mimi nilisikia harufu mbaya tu, lakini mbwa anasikia zaidi: pua ya binadamu ina vinusio kiasi cha milioni tano au sita, na ya mbwa inavyo mamia ya milioni. Nusu ya tanga nilikifunika kizimba juu na pande tatu, nikaacha pa kupita hewa, kwani mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, na joto la Mombasa lingemdhuru. Nusu nyingine nilitandika ndani.

Waache alikuja akinusa sakafu. Alinusa tanga la nje kuanzia pembe moja hadi nyingine. Kisha akaingia, mabega, kiuno, na miguu ya nyuma. Akazunguka mara tatu, akakwaruza tanga kama achimbaye mchanga, akajilaza na kidevu kizingitini. Akashusha pumzi. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga begani, alisema taratibu, "Masikini, alikuwa anatafuta kwao."

MLANGO, NGAZI NA VIGAE

Mlango niliurudisha baada ya siku tatu. Nilifuata mwongozo wa daktari. Kwanza niliufunga wakati anakula tu, nikaufungua kabla hajamaliza. Kisha dakika moja, tano, kumi, nusu saa. Siku aliyolalamika nilirudi nyuma hatua moja bila ya kumkemea. Nilijizoeza kutoka nyumbani na kurudi bila ya mbwembwe, ili kuondoka kwangu kusiwe msiba wala kurudi kwangu harusi. Hata leo simfungii zaidi ya saa tatu au nne, kwa sababu kibofu cha mzee hakingojei, na kumwacha mpaka ajichafue mahali anapolala ni kumvunjia heshima. Wala sijamfungia hata mara moja kwa kumwadhibu.

Kwa kuwa hasikii vizuri, siku hizi simwiti. Nagonga sakafu kwa mguu, yeye husikia mtetemo, akageuka. Nikishusha kiganja anajua ni kulala, nikiinua anajua ni kwenda nje. Ishara hizo alizishika kwa wiki mbili, kinyume na methali yetu. Juu ya vigae nimetandika mikeka ya zamani kutoka kizimbani hadi mlangoni, na miguu haitelezi tena. Ngazini tunateremka polepole, nimepitisha shuka kuukuu chini ya tumbo lake, nikimsaidia nyonga kwa kuivuta kidogo juu. Taa ndogo inabaki inawaka usiku, kwa ajili ya lile jicho lenye ukungu. Tunashuka saa nne za usiku, tena kabla ya alfajiri. Nikirudi najitwaharisha, nabadili nguo, ndipo naswali. Chombo chake cha chakula ni chake peke yake, na miiba ya samaki nimeikomesha, maana iliyopikwa huvunjika ikachoma koo.

Siku ya mwisho ya mwezi mwenye nyumba alikuja. Nilimkaribisha chai. Alitazama huku na huku, akasikiliza, kisha akauliza, "Ulimwuza?" Nikampeleka roshani, nikainua kidogo tanga. Waache alifungua jicho moja, akalifumba. Mwenye nyumba aliomba aione kadi ya chanjo, akaisoma mbele na nyuma. Akatoa masharti: mbwa asionekane ngazini bila ya kamba, uchafu wake niuzoe mwenyewe, na siku akibweka usiku mzima tena, maneno yatakuwa yale yale ya awali. Nilikubali. Sidai kuwa wote wameridhika. Kuna jirani wa ghorofa ya pili ambaye hata leo akituona hujibana ukutani mpaka tupite. Simlaumu, mimi ndiye niliyemletea mgeni ambaye hakumwalika, kwa hiyo husimama nikamwachia yeye apite kwanza.

KUREJEA KISIWANI

Sikukuu ya Idd-ul-Fitr ya mwaka 2025 tulikwenda Mkwiro. Nilikichukua na kizimba. Mabaharia wa mashua walicheka, mmoja akaniuliza kama nahamisha kuku. Moyoni nilikuwa na hofu nisiyomwambia mtu: labda Waache akiiona pwani yake atakataa kurudi, nami nitakuwa sina haki ya kumlazimisha.

Alipotiwa mchangani alitikisa mkia, akaenda moja kwa moja pale mashua ilipokuwa ikifungwa. Akanusa. Akaenda kwenye mwembe. Mtumbwi haukuwapo; ulikwisha pasuliwa kuni. Alizunguka mahali pale pa mchanga mtupu, akazunguka tena, akasimama akiitazama bahari kwa lile jicho moja linaloona.

Mimi nilikuwa nimekishusha kizimba kivulini, sijakifunika vizuri hata. Alikuja polepole kwa mwendo wake wa nyonga mbovu, akaingia bila ya kuitwa, akaweka kidevu kizingitini. Binamu yangu alinitazama akasema, "Basi yule si wa hapa tena." Nikamwambia hapana, ni wa hapa; ila hapa pake anapachukua anapokwenda.

Sasa nikiisikia ile methali ya samaki sibishi, maana wahenga hawakusema uongo. Mzee hakunjiki, na ukimkunja kwa nguvu atavunjika, kama nilivyoona kwa kucha zile zilizotoka damu. Lakini si lazima akunjwe. Wengi wetu tumewaleta mjini wazee wetu, si mbwa tu bali na wazazi waliotuzaa, tukawaweka ghorofa ya tatu mbele ya televisheni, tukashangaa kwa nini hawalali. Kabla ya kusema samaki amekauka, ndugu msomaji, tuulize kwanza kule alikotoka alikuwa akilala wapi.